Kalsiamu, magnesiamu na salfa shambani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa nini siku hizi kila muuza pembejeo anataja salfa, wakati zamani haikusikika?

Zamani salfa ilikuja shambani bila kuitwa. Mbolea za enzi hizo, hasa SA (salfeti ya amonia) na supafosfeti ya kawaida (SSP), zilikuwa nayo ndani. Kisha viwanda vikahamia DAP na TSP (mbolea za fosfeti) na urea, kwa sababu tani moja ya mbolea hizo inabeba naitrojeni au fosforasi nyingi zaidi na nauli ya meli ni ileile. Naitrojeni ikaongezeka, salfa ikabaki njiani.

Ulaya na Amerika Kaskazini kulikuwa na chanzo kingine: moshi. Makaa ya mawe yalitoa salfa nyingi angani, mvua ikaishusha mashambani. Sheria za kuzuia mvua ya tindikali ziliposhika kasi kuanzia miaka ya 1980, moshi ulisafishwa, na mashamba ya rapa (zao la mbegu za mafuta) ya Uingereza na Ujerumani yakaanza kugeuka manjano. Afrika Mashariki hatukuwahi kufaidi moshi huo kwa wingi. Badala yake tuna mazoea ya kuchoma mabaki ya mazao, na moto hupeperusha naitrojeni na sehemu kubwa ya salfa, ukiacha kalsiamu na magnesiamu kwenye majivu.

Tatizo la msingi ni la hesabu. Kwa miaka mingi matumizi ya mbolea yamepimwa kwa naitrojeni (N), fosforasi (P) na potasiamu (K) peke yake. Kisichohesabiwa hakinunuliwi, na hakuna anayeona kinaisha mpaka mavuno yagome.

Salfa ya dunia inatoka wapi, na kwa nini bei yake haitabiriki?

Karibu yote ni taka ya kiwanda kingine. Mafuta ghafi na gesi asilia vina salfa, na lazima itolewe kabla ya kuuzwa. Inayotolewa ndiyo ile milima ya njano unayoiona kwenye picha za bandari. Uzalishaji wa dunia, kwa namna zake zote, ni karibu tani milioni 80 kwa mwaka. Falme za Kiarabu, Saudi Arabia na Qatar ni miongoni mwa wauzaji wakubwa, na mzigo mwingi wa huko hupita mlango wa Hormuz. Ndiyo maana mvutano wowote wa Ghuba husikika kwenye bei ya mbolea hata kama hakuna mkulima aliyebadilisha chochote.

Sasa angalia ugumu wake. Kiwanda cha mafuta hakizalishi salfa zaidi kwa sababu wakulima wanaitaka. Kinazalisha kadiri kinavyosafisha mafuta. Mahitaji yakipanda, mzigo hauongezeki. Bei ndiyo inayoruka. Mwaka 2008 ilifika karibu dola 800 kwa tani, ikaporomoka ndani ya miezi michache.

Tena mkulima si mnunuzi pekee. Zaidi ya nusu ya salfa hugeuzwa kuwa tindikali ya salfa ya kuyeyushia mwamba wa fosfeti, kazi kubwa ya China na Moroko. Indonesia inaitumia kuchenjua nikeli. Na yale malori yanayobeba salfa kutoka bandari ya Dar es Salaam kupitia Tunduma hayaendi mashambani: yanakwenda Zambia na Katanga, kwenye migodi ya shaba na kobalti.

SA inatengenezwa kwa salfa hiyohiyo?

Ndiyo, ila kwa kupitia kiwanda kingine. SA nyingi duniani ni zao la pembeni la viwanda vinavyotengeneza kaprolaktamu, malighafi ya nailoni. China ndiyo muuzaji mkubwa wa nje na Brazili ndiyo mnunuzi mkubwa. Kwa hiyo biashara ya nailoni ikidorora, nayo SA inaweza kuadimika.

Na magnesiamu?

Chanzo cha bei nafuu ni mwamba wa dolomaiti, unaopatikana karibu kila bara. Kiserite, ambayo ni salfeti ya magnesiamu ya mgodini, huchimbwa hasa Ujerumani. Mgodi wa Boulby, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, uliacha kuchimba potashi (mbolea ya potasiamu) mwaka 2018 ukabaki na polihaliti, mwamba wenye potashi, salfa, magnesiamu na kalsiamu kwa pamoja. Ni mbolea nzuri kwa zao lisilopenda klorini, lakini kwa mahindi ya ekari mbili nauli huila faida yote.

Nikitumia DAP na urea peke yake, nakosa nini hasa?

Tuseme ekari moja ya mahindi imepata mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50 na mmoja wa urea. Umeweka naitrojeni kilo 32 na fosfeti kilo 23. Salfa sifuri, magnesiamu sifuri, kalsiamu sifuri.

Kila tani ya punje za mahindi huondoka na salfa kilo moja na ushei, na magnesiamu karibu kiasi hichohicho. Kalsiamu kwenye punje ni kidogo sana. Iko kwenye mabua. Anayeacha mabua shambani anairudisha. Anayeyabeba yote kwenda kwa ng'ombe, kisha samadi ikaishia kwenye migomba nyuma ya nyumba, amehamisha rutuba ya shamba zima kwenda kwenye robo ekari.

Nirekebisheje bila kuongeza gharama sana?

Badala ya kuongeza mfuko, badilisha mbolea ya kukuzia. Mfuko mmoja wa SA (kilo 50) una naitrojeni kilo 10.5 na salfa kilo 12. Ukiuweka pamoja na urea kilo 27, unapata naitrojeni kilo 23 ileile ya mfuko mzima wa urea, na juu yake salfa kilo 12 kwa ekari. Kwa mahindi yaliyokaa miaka bila salfa hicho ni kipimo kamili. Baada ya msimu wa kwanza nusu yake hutosha. Vitunguu, kabichi, alizeti na jamii yote ya mimea ya mafuta hula zaidi.

Usiiweke yote wakati wa kupanda kwenye udongo wa kichanga. Salfeti huteremka na maji ya mvua kama naitreti. Igawe mara mbili.

SA si inachachusha udongo?

Inachachusha, na kuliko mbolea nyingine yoyote ya kawaida ya naitrojeni. Kilo 100 za SA huhitaji chokaa ghafi kilo 110 hivi ili kufuta uchachu wake. Kilo 100 za urea huhitaji kama kilo 80, ingawa urea imebeba naitrojeni mara mbili. Kule Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, kuna jaribio la malisho lililoanza mwaka 1856. Vipande vilivyopewa SA kila mwaka bila chokaa vimeshuka hadi pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umezidi) ya karibu 3.5, na aina nyingi za nyasi zimetoweka kabisa.

Hiyo haina maana uikimbie. Ina maana kwamba ukitumia SA kila msimu kwenye udongo ambao tayari una pH 5.2, unajichimbia shimo. Kwenye udongo wa pH 7 na kuendelea, ule uchachu ni faida.

Nitajuaje kwa macho ni kipi kinakosekana?

Anza na jani lilipo, ndipo utazame rangi. Mmea hauwezi kuhamisha salfa kwa urahisi kutoka jani kuukuu kwenda jani jipya, hivyo upungufu wa salfa huonekana juu: majani machanga yanakuwa manjano yaliyopauka huku ya chini yakibaki kijani. Upungufu wa naitrojeni ni kinyume chake, huanzia chini. Wengi huona manjano, hukimbilia urea, na mmea unazidi kupauka kwa sababu naitrojeni bila salfa haigeuki kuwa protini.

Magnesiamu huhama vizuri, kwa hiyo dalili huanzia majani ya chini. Mishipa inabaki kijani, nafasi za katikati zinageuka manjano. Kwenye mahindi inakuwa mistari mirefu sambamba, kwenye kahawa jani huonekana kama mfupa wa samaki wa kijani. Kalsiamu haihami kabisa ikishatua, hivyo kinachoumia ni ncha inayokua: majani mapya yaliyojikunja, ncha za mizizi zinazokufa, matunda yanayooza upande mmoja.

Tahadhari: ukosefu wa zinki nao hutia mistari kwenye mahindi, ila kwenye majani machanga. Ukiona dalili mbili zimechanganyika, macho hayatoshi, pima udongo.

Chokaa, dolomaiti na jasi zina tofauti gani? Dukani zote ni unga mweupe.

Chokaa ya kilimo ni mwamba wa chokaa uliosagwa. Inaleta kalsiamu (hadi asilimia 40 ikiwa safi) na kupandisha pH. Dolomaiti inafanya hivyohivyo lakini ina magnesiamu pia, hadi asilimia 13. Jasi, yaani salfeti ya kalsiamu, ina kalsiamu asilimia 23 na salfa asilimia 18, na haipandishi pH hata kidogo. Kuuziwa jasi ya kuondoa uchachu ni kosa la kila siku.

Kuna kipimo cha jikoni. Weka kijiko cha unga kwenye kisosi, kamulia limau. Chokaa ya kawaida huchemka papo hapo na kutoa povu. Dolomaiti hukaa karibu kimya, labda vipovu vichache ukiitazama kwa dakika kadhaa. Jasi haitoi kitu. Chokaa ya kupakia nyumba, ile iliyochomwa kwenye tanuri na kuzimwa kwa maji, nayo haichemki sana, lakini utaijua kwa jinsi inavyoteleza vidoleni na kukausha ngozi. Hiyo ina nguvu zaidi: kilo 74 zake ni sawa na kilo 100 za chokaa ghafi. Ile ambayo haijazimwa inaunguza macho na mapafu. Usiimwage kwa mikono mitupu.

Kisha chukua unga mwingine uupitishe kwenye chekecheo la unga wa ugali. Kinachobaki juu kama punje za mchele hakitafanya kazi msimu huu wala ujao. Umelipia kokoto.

Niweke chokaa kiasi gani?

Lengo si kufikisha pH 7. Lengo ni kuizima aluminiamu, ambayo chini ya pH 5.5 huanza kuyeyuka na kukata ncha za mizizi. Kwa mahindi na maharage, pH 5.5 hadi 6.5 inatosha. Udongo mwepesi wenye pH 5 huhitaji kama kilo 400 kwa ekari. Mfinyanzi mwekundu wenye pH hiyohiyo unaweza kudai kilo 800 au zaidi, kwa sababu uchachu mwingi umejificha kwenye chembe za udongo na kipimo cha pH peke yake hakiuoni.

Mwaga sawasawa, uchanganye na udongo kina cha sentimita 15 hadi 20, miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda. Chokaa haitembei: ukiiacha juu, inatibu sentimita chache za juu tu. Inahitaji unyevu ili ifanye kazi, kwa hiyo iliyowekwa kiangazi na kupandiwa mvua ya kwanza haijaanza.

Usiimwage siku moja na SA, DAP au urea. Harufu kali inayokupiga puani ni amonia, yaani naitrojeni uliyoilipia inaondoka na upepo. Acha angalau wiki mbili. Na ukizidisha chokaa, zinki, chuma, manganizi na boroni vinafungwa. Mahindi yanapauka upya na utadhani chokaa ilikuwa feki.

Brazili inatumia jasi kwenye udongo wenye uchachu. Mbona mmesema haiondoi uchachu?

Swali zuri. Kwenye nyanda za Cerrado tatizo liko chini, sentimita 30 na kuendelea, ambako chokaa haifiki. Jasi huyeyuka na kuteremka, inapeleka kalsiamu kule chini na salfeti inaipunguzia aluminiamu sumu yake. Mizizi ikishuka, zao linavumilia ukame. Kanuni yao kwa mazao ya msimu ni kuzidisha asilimia ya mfinyanzi kwa 50. Udongo wenye mfinyanzi asilimia 40 hupata jasi kilo 2,000 kwa hekta. Lakini chokaa inatangulia. Jasi bila chokaa kwenye udongo wa kichanga itasukuma magnesiamu na potasiamu chini nje ya mizizi.

Huku kwetu jasi ina kazi nyingine muhimu: udongo wa magadi kwenye baadhi ya skimu za umwagiliaji upande wa Kilimanjaro. Kalsiamu inaifukuza sodiamu, ila lazima pawe na mfereji wa kuitoa. Pasipo mfereji, sodiamu inarudi juu maji yakikauka.

Nyanya zangu zinaoza kitako na nimeweka chokaa. Kwa nini?

Kwa sababu mara nyingi kalsiamu imo udongoni, haifiki kwenye tunda. Kalsiamu husafiri na maji tu, na maji hufuata majani yanayopumua. Tunda linapumua kidogo, linapata masalio. Ukimwagilia leo kwa wingi na kuacha siku nne, kitako cha tunda, kilicho mbali kuliko sehemu zote, ndicho kinachokosa.

Rekebisha maji kwanza: kidogo, mara kwa mara, na matandazo. Pili, punguza naitrojeni ya amonia (SA, urea) na usizidishe potasiamu wakati matunda yanapotunga, maana hugombania mlango na kalsiamu, tumia naitreti ya kalsiamu (naitrojeni asilimia 15.5, kalsiamu 19). Kupulizia gramu 100 kwa bomba la lita 20 kunasaidia matunda madogo kama yameloa vizuri. Yaliyokwisha kuoza yachume utupe.

Karanga zinatoa maganda matupu. Nayo ni kalsiamu?

Aghalabu ndiyo. Ganda la karanga hunyonya kalsiamu lenyewe moja kwa moja kutoka kwenye udongo linamokaa. Mizizi haiwezi kulisaidia. Mwaga jasi kilo 80 kwa ekari juu ya mistari maua yanapoanza, ibaki kwenye sentimita 8 za juu. Mbegu kubwa huhitaji zaidi kuliko ndogo.

Mirija ya umwagiliaji wa matone imeziba baada ya kuchanganya mbolea kwenye tangi. Tulikosea wapi?

Mlichanganya naitreti ya kalsiamu na kitu chenye salfeti au fosfeti. Lita moja ya maji huyeyusha jasi gramu 2.4 tu; kwenye tangi la mbolea nzito kiwango hicho hupitwa mara moja, maji yanageuka kama tui, na unga mweupe unatua kwenye matundu. Ubaya wa jasi ni kwamba tindikali ya kusafishia mabomba haiiyeyushi vizuri. Mara nyingi mtu huishia kununua laini mpya.

Tumia matangi mawili. La kwanza naitreti ya kalsiamu na naitreti ya potasiamu. La pili salfeti ya magnesiamu, salfeti ya potasiamu na fosfeti zote. Yakutane kwenye maji mengi tu. Kama huna uhakika, changanya kwenye chupa ya maji ya nusu lita kwa uwiano uleule, isubiri nusu saa. Ikiwa na ukungu, usiimwage tangini.

Naitreti ya kalsiamu pia hunyonya unyevu. Mfuko ulioachwa wazi usiku mmoja Mombasa au Tanga, asubuhi ni uji.

Magnesiamu niipulizie au niiweke ardhini?

Kupulizia ni huduma ya kwanza: salfeti ya magnesiamu gramu 400 kwa lita 20, jioni, mara mbili au tatu kila baada ya siku kumi. Majani hubadilika upesi, lakini magnesiamu ya majani ni chache mno kulisha zao zima. Ardhini, dolomaiti inafaa kama udongo una uchachu, kwa kuwa uchachu ndio unaoiyeyusha. Kama pH imeshavuka 6.5, tumia kiserite au salfeti ya magnesiamu. Na kabla ya kununua chochote, jiulize umemwaga potashi kiasi gani. Kwenye migomba na viazi, upungufu mwingi wa magnesiamu ni potashi iliyozidi.

Mfuko umeandikwa MgO, SO₃, CaO. Ni sawa na Mg, S, Ca?

Si sawa. MgO zidisha kwa 0.6, SO₃ kwa 0.4, CaO kwa 0.71. Mfuko unaojisifu SO₃ asilimia 48 una salfa 19. Hauna kosa, ila linganisha bei kwa kilo ya salfa halisi.

Salfa tunayopulizia korosho inahesabika kama mbolea?

Salfa ya unga ya Mtwara na Lindi ni dawa ya ubwiriunga, lakini inayodondoka chini haipotei. Bakteria wa udongo huigeuza kuwa tindikali. Kilo moja ya salfa huhitaji chokaa kilo 3 kufuta uchachu wake. Kwenye udongo wa kichanga uliopuliziwa kwa miongo, pH imeshuka, na anayepanda muhogo au karanga chini ya mikorosho anaona matokeo. Salfa hapo si pungufu. Kinachotakiwa ni chokaa.

Urea iliyopakwa salfa ni kitu cha maana?

India iliizindua kwa wingi mwaka 2023 kwa jina la Urea Gold: naitrojeni asilimia 37, salfa 17. Kumbuka salfa ghafi lazima igeuzwe na bakteria kwanza, hivyo haitaokoa zao lililo manjano leo. SA hufanya kazi siku hiyohiyo.

Majivu na maganda ya mayai?

Majivu ya kuni ni mazuri, yana nguvu ya karibu nusu ya chokaa na potasiamu juu yake. Maganda ya mayai ni chokaa safi kabisa, ila ganda moja lina gramu tano au sita. Mfuko wa kilo 100 ni maganda 18,000. Labda kama una hoteli.

Sampuli ya udongo ichukuliweje?

Sehemu 10 hadi 15 kwa mwendo wa zigizaga, kina cha sentimita 20, kwenye ndoo ya plastiki safi isiyowahi kubeba mbolea. Ruka vichuguu, palipochomwa mkaa na palipokuwa na zizi. Changanya, toa nusu kilo, kausha kivulini. Waombe maabara (TARI Mlingano na SUA Tanzania, KALRO Kenya) wapime pH, kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na salfa, maana kipimo cha bei ya chini mara nyingi huishia pH na NPK.

Chai yangu iko pH 4.8. Niiwekee chokaa?

Usiiguse. Chai inataka 4.5 hadi 5.5, na ndiyo sababu mbolea yake ya kawaida, 25-5-5 yenye salfa 5, haina chokaa ndani.